Mahali Katika Fasihi Simulizi: Ziara ya Ukerewe na Ukara

Swali la fasihi simulizi linapotaka mifano, watahiniwa wengi hukimbilia sungura na fisi. Si kosa, kwa sababu ngano za wanyama ni mali yetu sote. Tatizo ni kwamba mfano huo hauonyeshi chochote zaidi ya kwamba mtahiniwa anajua ngano ni nini. Swali likiwa gumu kidogo, sungura anaishiwa maarifa. Tazama swali hili:

"Fasihi simulizi hupoteza uhai wake inapoondolewa mahali pake." Jadili.

Hapa sungura hana mahali. Anasimuliwa Kagera, anasimuliwa Lindi, na hakuna anayeuliza aliishi kijiji gani. Unahitaji masimulizi yaliyofungwa kwenye jiwe fulani, kisiwa fulani, au makao ya mtawala fulani. Kwa bahati nzuri ufuko wa Ziwa Victoria umejaa mifano ya aina hiyo, na katika sura hii tutaitembelea michache, tukianzia Mwanza mjini hadi visiwa vya Ukerewe na Ukara. Huna haja ya kuwa mwenyeji wa huku ili uitumie. Ukishaelewa namna ya kuutazama mfano, utapata wa kwenu, iwe Rungwe, Pangani au Kondoa.

Kwanza tukumbushane nadharia. Fasihi simulizi si maneno peke yake, ni tukio. Ili tukio hilo likamilike, wataalamu wetu, akiwamo M. M. Mulokozi, hutaja mambo yanayokutana: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio lenyewe, mahali na wakati. Wanafunzi hukariri orodha hii vizuri sana. Fanani na hadhira huwa hawawasahau. Mahali hupewa sentensi moja tu, kwamba "hadithi husimuliwa nyumbani jioni", kisha wanasonga mbele. Ziara hii inakusudia kuipa mahali uzito wake.

Mwanza, kabla ya kupanda meli

Mtu anayeingia Mwanza hupokewa na mawe. Yapo juu ya vilima, yapo kati ya nyumba, mengine yamepandana kana kwamba kuna aliyeyapanga. Somo la Jiografia linasema hizo ni granaiti zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ziliganda chini ya ardhi, udongo wa juu ukaondolewa na mvua, kisha joto la mchana na baridi ya usiku vikayachonga kwa kuyabandua ganda baada ya ganda hadi yakawa mviringo. Ziwa lenyewe ni la juzi tu likilinganishwa na mawe hayo. Wanasayansi hukadiria kuwa lina umri wa miaka 400,000 hivi, lilipoanza kutuama baada ya ardhi ya upande wa magharibi kuinuka na kuizuia mito.

Kwa nini tunataja Jiografia katika kitabu cha Kiswahili? Kwa sababu jamii zilizoishi hapa hazikuwa na maelezo hayo, lakini swali walikuwa nalo: nani aliyeyapandanisha mawe haya? Swali kama hilo ndilo huzaa visasili, yaani hadithi zinazoeleza asili ya vitu na mambo. Angalizo kwa mtahiniwa: usiandike kuwa kisasili ni "uongo wa wazee". Somo la fasihi halikuulizi kama jambo lilitokea. Linakuuliza simulizi hilo linafanya kazi gani kwa jamii inayolisimulia.

Majina ya mahali nayo ni simulizi fupi. Jiwe maarufu linalochomoza majini karibu na kivuko cha Kamanga linaitwa Bismarck, jina la kansela wa Ujerumani, nchi iliyotawala Tanganyika hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwendo mfupi wa boti kutoka hapo kipo kisiwa cha Saanane, kilichofanywa bustani ya wanyama mwaka 1964 na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Kisiwa hiki kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi pale kabla ya serikali kukichukua. Majina hayo mawili yanatazamana majini, moja la mtu ambaye hakuwahi kuliona ziwa hili, jingine la mtu aliyelima na kuvua papo hapo. Ukiulizwa jinsi historia inavyohifadhiwa katika lugha, huo ni mfano unaotosha aya nzima.

Ukiwa na nusu siku, nenda Bujora, Kisesa, kiasi cha kilometa 20 kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo hapo yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada. Utaona ngoma za watemi na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Lakini kwa mtahiniwa wa Kiswahili, cha thamani zaidi ni mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ambayo asili yake husimuliwa kuwa ni mahasimu Ngika na Gumha, waliokuwa waganga na wachezaji hodari. Makundi hayo hayachezi kwa zamu. Yanacheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na watazamaji humiminika upande unaowavutia. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Sijaona mfano bora zaidi wa kuonyesha kuwa hadhira ya fasihi simulizi ni mshiriki, wala si mpokeaji tu. Msimu wake maarufu ni sikukuu ya Bulabo, mwezi Juni.

Ukerewe: kisiwa cha watawala na mvua

Kutoka Mwanza hadi Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, ni safari ya saa tatu hivi kwa meli. Wengine hupita Bunda na kuvuka kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi. Ukerewe ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote ndani ya Ziwa Victoria, chenye eneo la kilometa za mraba 530 hivi, na jina lake liliwahi kutumika hata kwa ziwa zima katika ramani za Wazungu wa kale.

Masimulizi ya Wakerewe humtaja Katobaha, kiongozi wa ukoo wa Wasilanga, aliyekuja na watu wake kwa mitumbwi kutoka Ihangiro, upande wa Buhaya, na kuanzisha utawala kisiwani. Simulizi hili ni tarihi, kwa kuwa linadai kueleza tukio la kihistoria. Tofautisha na kisasili: tarihi ina watu wenye majina, koo zinazojulikana na njia unayoweza kuionyesha kwa kidole. Mtawala aliitwa omukama, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa mvua. Mvua ikigoma, au ikizidi hadi kuharibu mazao, omukama alikuwa hatarini kuondolewa madarakani. Kwa hiyo simulizi la asili ya ukoo wa kifalme lilikuwa na kazi nzito. Lilimpa mtawala haki ya kutawala, na wakati huohuo liliwapa watu kipimo cha kumpimia.

Mahali pa kulitazama hilo ni Bukindo, yalipo makao ya watawala wa mwisho wa Ukerewe. Jengo lake la ghorofa ni la wakati wa ukoloni, wala si la kale sana. Mgeni anayetarajia kuona nguzo na sanamu kama za mahekalu ya Misri atavunjika moyo. Hapa utukufu haukujengwa kwa mawe. Ulikuwa katika ngoma, katika viti, katika nyimbo za kusifu na katika vinywa vya watunza kumbukumbu. Baada ya uhuru utawala wa machifu ulifutwa kisheria, na vinywa vile vikakosa kazi. Jengo limebaki, lakini tukio lililolipa maana halipo tena. Shika wazo hili, litatusaidia kwenye jibu.

Katikati ya kisiwa kipo kilima cha mawe cha Handebezyo. Panda asubuhi, kabla mwamba haujashika moto. Ukiwa juu unaona kisiwa, maji na visiwa vingine vidogo kwa upeo mmoja. Mtu akikusimulia hapo habari za Katobaha na mitumbwi, huhitaji ramani wala kuambiwa "vuta picha". Fanani ananyoosha mkono tu kuelekea magharibi. Darasani simulizi lilelile litahitaji dakika kumi za maelezo ya awali, na bado wa nyuma watasinzia.

Ukara: jiwe linalocheza

Kaskazini ya Ukerewe kuna kisiwa kidogo cha Ukara. Wanaosoma Jiografia watakuwa wameshakutana nacho: watu ni wengi, ardhi ni finyu, na wakulima wake walijulikana tangu zamani kwa kufuga ng'ombe ndani, kukusanya samadi na kuirudisha shambani kwa uangalifu mkubwa. Sisi kinatuhusu kwa jambo jingine, jiwe la Nyaburebeka, ambalo wengi wanaliita jiwe linalocheza.

Ni jiwe kubwa lililokaa juu ya mwamba. Mwanajiografia atakueleza kuwa jiwe la mviringo likishikwa na mwamba mahali padogo linaweza kutikisika bila kuanguka. Maelezo hayo ni sahihi, na hayamalizi habari. Wenyeji wanasimulia kuwa jiwe hilo hucheza linapoombwa kwa utaratibu wake, kwa maneno na nyimbo, mbele ya watu wanaojua wanachofanya. Pana wanaostahili kuongoza, pana yanayoruhusiwa na yasiyoruhusiwa. Mgeni hafiki na kulisukuma kama mlango uliokwama.

Sasa rudi kwenye ile orodha uliyoikariri. Fanani yupo, naye ni mwenyeji anayeongoza. Hadhira ipo, nayo huitikia. Fani inayotendwa ni wimbo na maneno ya kimila. Tukio ni kuliamsha jiwe. Wakati ni ule unaokubaliwa na mila. Na mahali ni pale tu, hakuna pengine. Huwezi kulihamisha jiwe hilo likachezee uwanja wa Nyamagana. Ukiondoa mahali, vingine vyote vinabaki bila cha kufanya. Wimbo unaweza kuimbwa Dar es Salaam, na hakuna kitakachotikisika. Hapo ndipo ule usemi wa swali, "hupoteza uhai", unapopata mwili.

Ukara ina simulizi jingine, la karibu na chungu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora upande wa Ukerewe, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya. Watu zaidi ya 220 walikufa, na baadhi yao walizikwa hapohapo Bwisya, penye mnara wa kumbukumbu. Mwanafunzi anaweza kushangaa hili linaingiaje katika fasihi. Linaingia, tena kwa mlango mkuu. Nyimbo za maombolezo ni utanzu wa ushairi simulizi, na jamii inayoishi kwa kuvuka maji hutunga kwa ajili ya maji. Miaka hamsini ijayo mjukuu atakayesimuliwa mkasa huo akiwa amesimama kwenye gati lile atakuwa anapokea tarihi. Fasihi simulizi haikuisha zamani za kale, inaendelea kutungwa. Ila ukifika Bwisya, usiulize maswali ya kukusanya data siku ya kwanza. Salimia, toa pole, kaa.

Kagunguli: mtu aliyeogopa kusahau

Tulipokuwa Ukerewe tuliipita Kagunguli kwa makusudi, kwa sababu inatupa upande wa pili wa swali. Hapo palikuwa na misheni ya Wakatoliki, na hapo ndipo alipopata elimu ya mwanzo na kuishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896.

Kitereza aliona mambo ya Wakerewe yakipotea mbele ya macho yake: namna ya kuposa, kulima, kuvua, kutibu, kuzika, kusalimiana. Angeweza kuendelea kuyasimulia barazani. Badala yake aliyaandika, kwa Kikerewe, ndani ya hadithi ndefu ya mume na mke waliohangaika kupata mtoto, na mwaka 1945 mswada ulikuwa tayari. Hakupatikana mchapishaji. Kitabu kinene kwa lugha ya watu wa kisiwa kimoja, nani angekinunua? Miaka ikapita. Hatimaye Kitereza mwenyewe, akiwa mzee, aliitafsiri kazi yake kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikaichapa kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Hesabu mwenyewe: kutoka 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Katika muda huo wazee waliokuwa vyanzo vya maarifa yale waliendelea kufa, na utawala wa machifu ukafutwa. Kama Kitereza angeshikilia kwamba fasihi simulizi iishi mdomoni tu, sehemu kubwa ya aliyoyajua ingezikwa pamoja naye.

Je, kitabu chake ni fasihi simulizi? Hapana, ni riwaya, kwa hiyo ni fasihi andishi. Usichanganye hapa, kwani watahiniwa wengi hujikwaa. Ila ndani yake kumehifadhiwa mazungumzo, semi, mila na maarifa yaliyokuwa yakipitishwa kwa mdomo. Msomaji wa Songea anaweza kuijua Ukerewe ya karne iliyopita bila kupanda meli. Anachokosa ni sauti, vigelegele, na haki ya kumkatiza msimulizi na kumwambia, "Hapana, babu yangu alisema hivi." Maandishi hayakatizwi. Nguvu yake na udhaifu wake vyote vinatoka hapo.

Simu ya mkononi nayo imeleta hali ya katikati. Inachukua sauti, sura na hata mandhari ya nyuma. Bado haimchukui mtazamaji anayehama kutoka kwa Bagika kwenda kwa Bagalu, kwa kuwa anayetazama video hana upande wa kukimbilia. Fanani hamuoni wala hamjali.

Kulijibu swali

Neno "jadili" linakutaka upime pande mbili kabla ya kutoa msimamo. Linganisha aya hizi mbili, ambazo nimeziandika kwa mfano.

Aya dhaifu: "Fasihi simulizi hutegemea mahali. Kwa mfano, hadithi husimuliwa na bibi nyumbani jioni. Hivyo mahali ni muhimu sana katika fasihi simulizi."

Aya yenye nguvu: "Kuna fani ambazo haziwezi kutendwa nje ya mahali pake. Nyimbo na maneno ya kimila yanayoambatana na jiwe la Nyaburebeka kisiwani Ukara yanahitaji jiwe lenyewe liwepo, kwa kuwa lengo la utendaji ni kulifanya jiwe hilo licheze. Yakirekodiwa na kupelekwa mjini, maneno yanabaki lakini lengo linatoweka. Hata hivyo, si kila simulizi hufa kwa kuhamishwa. Kazi ya Aniceti Kitereza imehifadhi mila za Wakerewe kwa maandishi, na bila maandishi hayo sehemu ya maarifa hayo ingepotea kabisa. Kinachopotea katika maandishi ni utendaji. Kinachookolewa ni maudhui."

Aya ya pili haina msamiati mgumu wala si ndefu kupita kiasi. Inashinda kwa sababu ina jina la mahali, inaeleza kwa nini mahali hapo ni lazima, kisha inageuka kutazama upande wa pili. Sentensi yake ya mwisho inatenganisha utendaji na maudhui, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ndiyo moyo wa swali zima.

Kuhusu msimamo, uko huru. Mimi ningesema kuhamishwa hupunguza uhai wa fasihi simulizi kwa viwango tofauti: ngano ya sungura haipotezi chochote, tarihi ya Katobaha inapoteza kiasi, na wimbo wa jiwe la Ukara unapoteza karibu kila kitu. Unaweza kunipinga, mradi kila hoja iwe na mfano wake.

Maswali ya kujipima

1. Taja simulizi moja la eneo lenu linaloeleza jina au asili ya kilima, jiwe, mto au kisiwa. Je, ni kisasili au tarihi? Thibitisha kwa hoja mbili.

2. "Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, hadhira ndiyo hakimu." Kwa kutumia kauli hii, eleza tofauti nne kati ya hadhira ya fasihi simulizi na hadhira ya fasihi andishi.

3. Mzee wa kijijini kwenu anajua nyimbo ambazo hakuna kijana anayezijua. Una simu, daftari na wiki moja ya likizo. Eleza utakavyozihifadhi, na utaje kitu kimoja ambacho simu na daftari havitaweza kukihifadhi.